Folda la Mzee Zakaria

Kuna watu Kibondo ambao mpaka leo wakinikuta sokoni wananiamkia "shikamoo mzee", na mimi ni mwanamke, mama wa watoto wawili, navaa kitenge changu kama wenzangu, kwa hiyo nimeona bora niieleze mwenyewe habari hii kuliko kuacha iendelee kutembea bila mimi, maana kila anayeisimulia anaongeza chumvi yake, na kazi ya kuwasahihisha watu mmoja mmoja imenichosha. Ni aibu, ndiyo. Niliipata kanisani, mchana kweupe, mbele ya mjane na mchungaji na kwaya nzima iliyovaa sare.

Mimi ni mpiga video. Nina kachumba kangu ka studio hapa Kasulu, nyuma kidogo ya soko, napiga harusi, kipaimara, mahafali, misiba, chochote chenye watu na maspika. (Mwanzoni watu walikuwa wanamtafuta mwanamume aliyenituma, siku hizi wananiita dada wa kamera na wananisogezea kiti.) Kamera yangu kubwa niliinunua kwa mfanyakazi mmoja wa shirika aliyekuwa anamaliza mkataba kule kambi ya wakimbizi ya Nduta na hakutaka kusafiri nayo. Ni kamera nzuri, picha zake unaona mpaka jasho kwenye pua ya bwana harusi, lakini ina tabia moja: video zake ni ghafi na nzito, ukizichomeka kwenye televisheni zinakataa, kwenye simu zinakataa, kwenye laptopu yangu zinatembea kwa kushtukashtuka kama mtu mwenye kigugumizi. Kwa hiyo kabla mteja hajaona kitu lazima nizibadilishe ziwe video za kawaida, wenyewe tunasema kukonvati, na ukikonvati faili moja moja kwa laptopu kama yangu, bibi harusi atajifungua kabla hajaiona harusi yake.

Nilichokuwa natafuta ni programu ya kukonvati folda zima kwa mkupuo, ya kuaminika, basi. Mngejua nilivyohangaika. Ya kwanza ilimaliza vizuri ila ikaandika jina la kampuni yake katikati ya picha, na katikati ya picha ndipo walipokuwa maharusi. Ya pili ilifika faili la tatu ikaganda, na kila nikiianzisha upya inagandia palepale, kama ng'ombe aliyekataa daraja. Nyingine ilitaka nilipie kwa kadi ya benki ambayo sina. Nyingine niliiteremsha mtandaoni kwa furaha zote, kumbe imekuja na kirusi, na nikakaa wiki nzima naomba radhi kwa wateja. Nilifika mahali nikiona neno "bure" kwenye skrini moyo unaniuma.

Sasa, Mzee Zakaria. Huyu alikuwa mwalimu wa kwaya Kibondo. Wazazi wake walivuka naye kutoka Burundi akiwa mtoto mdogo, akakulia huku, akawa raia, akalima mihogo na maharage, na jioni akafundisha watu kuimba, na waimbaji wa Kibondo wengi waliopita mikononi mwake wanasema hakuwahi kumsifu mtu, akiridhika anakaa kimya tu. Alipoanza kuugua, mwanawe mkubwa, Gervas, ambaye ni mwalimu wa sekondari na mtu asiyecheka ovyo, alinipigia simu. "Dada Resti," akasema, "baba ana maneno anataka kutuachia. Njoo umrekodi kabla sauti haijaisha." Nikaenda. Nikarudi, nikaenda tena, na tena, karibu masika nzima, maana mzee alikuwa akichoka haraka na kila safari anapata nguvu ya kuongea kidogo. Alikuwa anavaa koti lake jeusi na kofia yake ya pama, anakaa kwenye kiti chake, anaanza kwa Kiswahili, akichoka anahamia Kirundi, na mimi kwa sababu ni Muha, na Kiha kinakaribiana na Kirundi, nikawa namwelewa bila shida. Halafu akafariki, na kwa muda mrefu hakuna aliyeziulizia zile video. Zilikaa kwenye folda lake, nami sikutaka kumsumbua mtu aliyefiwa.

Ulipotimia mwaka, Gervas akapiga tena. Kutakuwa na ibada ya kumbukumbu, baada ya ibada wanataka video zioneshwe kwa projekta palepale kanisani. Nikasema sawa. Halafu akaongeza, kwa sauti ya chini, "Na shangazi Sesilia anakuja."

Huyu shangazi ni dada yake Mzee Zakaria. Wazazi walipokimbia walimwacha kwa bibi yao wakidhani watarudi kumchukua, hawakurudi, akazeekea Burundi, na uzeeni naye akakimbia akaja kuwa mkimbizi, akapokelewa Nduta, hapo hapo karibu na Kibondo, karibu na ndugu yake aliyemtafuta maisha yote. Wakaonana mara chache, kwa ruhusa. Mzee alipofariki ruhusa ikachelewa, bibi wa watu akazikiwa ndugu yake akiwa kambini. Safari hii alikuwa amepewa ile siku moja tu, na gari la kumrudisha lilikuwa halitamsubiri mpaka jioni. "Hataki chakula wala hotuba," Gervas akaniambia. "Anataka kumsikia tu." Hapo kazi ikaacha kuwa kazi, ikawa mzigo.

Jirani yangu wa pale sokoni anaitwa Hamisi, familia yake ni watu wa Ujiji, anawawekea watu nyimbo na filamu kwenye flashi. Nikamweleza shida yangu. Akanipa programu. "Hii unaipa folda, unaenda kunywa chai, ukirudi imemaliza," akasema.

"Ni ya uhakika?"

"Dada Resti, mimi naitumia kila siku."

(Sikumuuliza kila siku anaitumia kwa video za namna gani. Za kwake ni nyimbo, dakika chache, nyepesi kama karatasi. Za kwangu mzee anaongea mpaka betri inaisha.)

Siku ya kuamkia ibada umeme ulikatika asubuhi, ukarudi mchana, na mimi nikaifungua ile programu huku jasho linanitoka kwa haraka, nikaielekeza kwenye folda la mzee, ikaniuliza kama ichukue na mafolda yote ya ndani. Nikaweka tiki. Hicho ndicho kitu kidogo nilichokifanya, tiki moja, kwa sababu kukaa na kuchagua faili kwa faili kulinishinda kwa uchovu, nikajiambia ichukue yote, heri izidi kuliko ipungue. Mistari ya kijani ikaanza kujaa mmoja baada ya mwingine, kitu kizuri sana kukitazama, na mwisho ikaandika kwamba imekamilisha bila kosa lolote. Nikafungua faili la kwanza. Mzee huyu hapa, kofia, koti, "Majina yangu ni Zakaria," sauti safi. Nikafunga. Sikufungua la pili wala sikusogeza lile la kwanza nione mbele kukoje. Nikahamishia kwenye flashi, na asubuhi nikapanda basi la Kibondo, laptopu begani, nikiwa na amani ambayo sijaipata tena.

Kanisa lilikuwa limejaa. Shuka jeupe limetandazwa ukutani, projekta juu ya meza, flashi nimeichomeka humohumo kwenye projekta ili icheze yenyewe faili moja baada ya jingine. Mjane wa mzee, Mama Gervas, amekaa kiti cha mbele, na pembeni yake bibi mmoja mwembamba, kilemba cha bluu, mikono imeshikana mapajani. Sikuhitaji kuambiwa ni nani, ana paji la uso lilelile.

Nikabonyeza. Mzee akatokea ukutani, mkubwa kuliko alivyokuwa duniani, kanisa likavuta pumzi. Dakika za kwanza zilikuwa kama nilivyoomba kwa Mungu. Kisha nikaona kitu. Mdomo unafunga, neno linakuja baadaye kidogo. Nikajifariji kwamba ni macho yangu. Lakini kadiri alivyoendelea, sauti ikazidi kubaki nyuma ya picha, mpaka ikafika mahali mzee ananyanyua kikombe anakunywa maji huku sauti yake inaendelea kueleza habari za kuvuka mto, kikombe kiko mdomoni na maneno yanatoka, na watoto wa nyuma wakaanza kucheka, na mama zao wakaanza kuwafinya. Gervas akageuka akanitazama. Mimi nikafanya uso wa mtu anayejua anachokifanya.

Nikaona niruke niende faili linalofuata, labda hilo moja ndilo limeharibika. Sikujua kwamba ile programu ilikuwa imeyafuta majina niliyoyapa mafaili, ikayapa namba zake, ikayachanganya. Faili lililofuata halikuwa la mzee.

Lilikuwa langu.

Nimekaa kwenye kiti cha mzee. Nimevaa koti la mzee. Kofia ya pama iko kichwani, mkongojo uko mkononi, miguu nimeitanua kama mwanamume mwenye shamba lake, na ninakohoa. Nakohoa kikohozi cha Mzee Zakaria chenyewe, kile kikavu cha mwisho, halafu naunyosha mkongojo kwenye kamera nasema kwa sauti yake, "Sauti ya pili, mnaimba au mnalia njaa?"

Niwaambie ilivyokuwa, maana siku ile sikupata nafasi ya kueleza. Siku ya kwanza kwenda pale, mzee alikuwa chumba cha pili bado anaogeshwa, nami nilitakiwa kupima mwanga na sauti kabla hajaja, maana koti jeusi ukilikosea linakuwa shimo kwenye picha. Koti na kofia vilikuwa vimeandaliwa juu ya kiti. Nikavivaa nipime. Hapo ningetakiwa kuhesabu moja mbili tatu kama watu wengine. Nilishamsikia mzee akiongoza kwaya kwenye harusi nyingi, sauti yake nilikuwa nayo, na kikohozi nilikuwa nakisikia kutoka chumba cha pili, vikatoka. Baadaye nikaliweka lile faili kwenye folda dogo la majaribio, ndani kabisa, nikasahau kwamba lipo, sembuse lilivyoishia. Tiki haikusahau.

Kanisa likanyamaza. Sijui kama mmewahi kunyamaziwa na kanisa zima. Nikashika rimoti ya projekta, nikabonyeza nilichodhani ni kusimamisha, kumbe ni kuongeza sauti, kikohozi kikajaa mpaka darini. Nikakimbia nikasimama mbele ya projekta niizibe kwa mwili wangu, na matokeo yake picha ikahamia kwangu, uso wenye kofia ukawa juu ya gauni langu la kuendea ibada, nikawa Resti wawili mmoja juu ya mwingine. Mwisho nikainama nikavuta waya. Ulikuwa waya uleule wenye kinanda na maspika na taa za mbele. Vyote vikazimika kwa pamoja, na mpiga kinanda akasema neno moja ambalo mchungaji alijifanya hakulisikia.

Gervas akanishika mkono, taratibu, akanitoa nje kama mtu anayemtoa mgonjwa.

"Resti," akasema, "baba yangu ulimfanya mchezo?"

"Hapana kaka. Yalikuwa majaribio."

"Majaribio ya kukohoa?"

Nilitazama viatu vyangu. Akasema, bila kupandisha sauti, na hilo ndilo lililoniuma zaidi, "Shangazi amengoja kusikia sauti ya ndugu yake. Umemwonesha wewe." Nilitamani anipigie kelele. Nikaanza kumwambia nitarudi Kasulu nikazifanye upya zote, akaniuliza nitazifanya upya kabla au baada ya gari la Nduta kuondoka, na kweli lile gari lilikuwa limeshafika, dereva amesimama kivulini anaangalia simu yake.

Mama Gervas akatokea mlangoni. "Gervas, mwache," akasema. "Shangazi yako anamwita."

Nikaingia. Njia ya katikati ya kanisa haijawahi kuwa ndefu vile hata siku ya ndoa yangu. Nikapiga magoti mbele ya yule bibi nikasema nisamehe, nikasema kwa Kiha, yeye akanijibu kwa Kirundi chake, polepole, kama mtu anayefikiria jambo lingine kabisa.

"Mwana wanje, pale mwisho, kabla hujazima, kuna mtu alicheka."

"Ni mimi, bibi."

"Oya, hapana. Si wewe. Mwanamume. Nyuma yako huko." Akanigusa bega. "Rudisha."

Nikamtazama Gervas, Gervas akamtazama mama yake, mama yake akatikisa kichwa kukubali. Tukarudisha waya. Projekta ikachukua muda wake kuwaka, mnajua zilivyo, na wakati wote huo hakuna aliyeimba wala kuomba. Kisha nikatokea tena ukutani. Safari hii hakuna aliyeshtuka, walikuwa wananitazama kwa makusudi, na mimi nimesimama pale pembeni natazamwa mara mbili, huku na kule, nikakohoa, nikanyosha mkongojo, nikawauliza sauti ya pili kama wanalia njaa.

Na kweli mtu akacheka. Nyuma ya kamera, kicheko cha kuvutavuta, cha kifuani. Halafu sauti: "Oya, oya. Mimi sikohoi hivyo. Mimi nakohoa hivi." Akakohoa. Kwenye picha nikaruka kutoka kitini, kofia ikaanguka, na Mzee Zakaria akaingia, fulana na kitenge kiunoni, maji ya kuoga bado yako shingoni, hajui kama kamera inachukua. Akaokota kofia. Badala ya kuivaa akanirudishia kichwani, akaisogeza kidogo upande, akasimama kuitazama, akaanza kucheka tena mpaka akalazimika kushika mgongo wa kiti. Faili lilikuwa fupi, kwa hiyo sauti na mdomo vilikwenda pamoja, hakuna kilichochelewa. Katika yale mengine yote mzee amekaa wima anawaachia watu maneno. Humu hakuwa anamwachia mtu kitu. Alikuwa anacheka tu, nyumbani kwake, amechelewa kuvaa.

Bibi Sesilia alikuwa amejifunika mdomo kwa ncha ya kilemba. Mabega yanatikisika, na kwa muda hatukujua kama anacheka au analia, nadhani hata yeye hakujua.

"Ni data," akasema mwisho. Ni baba. Mama Gervas akamwinamia akidhani hajasikia vizuri. Akarudia, "Hicho ni kicheko cha data. Sijakisikia tangu waniache kwa bibi."

Akaomba tena. Tukairudia, sijui mara ngapi, sikuhesabu, na sehemu yangu ya kukohoa hakuna aliyeniruhusu kuiruka kwa sababu walisema ukiiruka kicheko hakina cha kuchekea. Mara ya mwisho niligeuka nikamwona Gervas amekaa benchi la nyuma peke yake, miwani mkononi.

Dereva akaja mlangoni akasema muda umekwisha. Bibi akanyanyuka, akatoa kwenye kikapu chake simu ya kitochi, akanipa, akaniuliza kama kicheko kinaweza kuingia humo. Video haiingii kwenye kitochi, nikamwambia, ila sauti inaweza. Nikakaa kwenye ngazi ya kanisa na laptopu mapajani, nikatoa sauti peke yake kwenye lile faili moja, nikaisikiliza yote kutoka mwanzo mpaka inapoishia huku dereva anazungukazunguka gari lake, nikaiweka kwenye memori kadi ya simu, nikaisikiliza tena humo ndani ya kitochi. Akaiweka sikioni. Gari lilipoondoka alikuwa bado ameiweka sikioni, hakutuaga vizuri.

Sitawadanganya kwamba mambo yaliisha kwa heri. Mchungaji alinipa nasaha ndefu kuhusu heshima kwa marehemu, na nilizisikiliza zote. Gervas alinipa mkono, na tangu siku hiyo tukikutana tunasalimiana kama watu wa ofisi moja. Zile video za mzee nilizirudia upya, faili kwa faili, nikikaa mbele ya kila moja mpaka mwisho, nikitazama mdomo na kusikiliza neno, wiki kadhaa za kazi isiyo na malipo, na nilipozipeleka Kibondo Mama Gervas ndiye aliyezipokea, akaniwekea chakula. Hamisi yeye alisema tatizo ni laptopu yangu. Huenda.

Siku hizi ninayo programu nyingine, haina rangi wala mistari ya kupendeza, inakwenda polepole, na faili likiishinda inasema limeishinda. Naipenda kwa hilo. Lakini hata yenyewe siiachii folda zima nikaenda kunywa chai, na majaribio yangu nayafuta siku hiyohiyo kabla sijavua viatu. Napiga kofi mbele ya kamera mwanzoni na mwishoni mwa kila faili ili nijue sauti haijachelewa, majirani wanadhani naua mbu. Na programu yoyote ikiniandikia kwamba imemaliza bila kosa, mimi navuta kiti, nakaa, ndiyo kwanza naanza.